Kabla Betri Haijafa, Ituambie

Wanachuo wengi wanaijua Toyota Aqua kwa siti ya nyuma tu. Unatoka maktaba saa tatu usiku, unaita usafiri kwa simu, linakuja gari dogo lisilo na mlio, unaingia, unachomeka chaja, unashukia hosteli. Mimi naijua kwa siti ya mbele. Likizo ndefu mbili zilizopita, na Jumamosi nyingi za katikati ya muhula, nimekuwa deiwaka wa mjomba wangu. Yeye akichoka, mimi naingia barabarani. Kijiweni kwetu Mwenge wananiita Msomi, jina ambalo siku nyingine ni la heshima na siku nyingine ni la kunicheka.

Ni hapo kijiweni nilipouliza swali ambalo nilidhani ni la kupitishia muda: nyie mngekaa na wale mainjinia wa Japani mkaambiwa mchore haibridi ijayo, mngeweka nini? Nilitegemea niambiwe mwendo, skrini kubwa, viti vya ngozi. Hakuna aliyetaja hata kimoja. Waliongea mpaka abiria wakapitwa.

Kwanza niseme kwa nini haya magari yamejaa mjini. Haibridi ina vitu viwili vya kuisukuma, injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, ule mwendo uliokuwa upotee kama joto kwenye pedi unarudi kwenye betri. Toyota walianza kuuza Prius Japani Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Walipoitoa walisema inakwenda kilomita 35.4 kwa lita moja kwa kipimo chao cha Japani. Mjomba anapata 20, akibahatika 22. Lakini hata hiyo 20, kwa mtu anayekaa kwenye foleni ya Ubungo saa moja na nusu kila jioni, ni tofauti ya kula na kutokula. Gari la kawaida likisimama kwenye foleni linakunywa mafuta bila kwenda popote. Aqua ikisimama injini inazima, na kiyoyozi kinaendelea kwa sababu kompresa yake inazungushwa na umeme. Dar es Salaam ni kama mji uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya haibridi.

Sasa tatizo. Gari la mjomba ni la mkataba. Kwa wasiojua: mwenye gari anakukabidhi, unampelekea kiasi fulani kila wiki, ukimaliza miezi mliyoandikiana gari linakuwa lako. Mjomba alikubali sh. 200,000 kwa wiki kwa miezi 30. Matengenezo yote ni juu ya dereva, na gari likiwa gereji hesabu haisimami. Ndivyo mikataba mingi ilivyo, sisemi huyu bosi ni mbaya kuliko wengine. Na kwenye hela hiyo hiyo inayobaki, mjomba ndiye anayemalizia sehemu ya ada yangu ambayo mkopo haufiki.

Mwezi wa 19 gari likawasha taa za onyo na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Mjomba akadhani ni mambo ya sevisi. Siku mbili baadaye feni ilianza kuvuma nyuma ya siti kama kitu kinachotaka kuruka, injini ikawa haizimi hata kwenye foleni, na mlima mdogo tu wa Goba ukawa shida. Fundi akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma msimbo P0A80. Kila dereva wa haibridi mjini anaujua huo msimbo hata kama hajui kusoma kitu kingine kwenye kile kifaa. Maana yake: badilisha betri kubwa.

Betri kubwa ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma, yaani pale pale unapokaa wewe na begi lako. Ni ya nikeli, ina moduli 20 zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu, kila moja volti 7.2, zikiunganishwa zinatoa 144. Kufa kwake hakuji kwa zote mara moja. Moja inachoka, nyingine zinalazimika kuibeba, na kompyuta ikiona tofauti imezidi inapiga kelele. Kwa hiyo ukiwa na moduli mbili mbovu kati ya 20, unaambiwa ununue betri nzima.

Fundi alitupa njia mbili. Ya kwanza ni betri nzima iliyotoka kwenye gari lililokatwa, sh. 1,700,000, na hakuna anayejua ilitumika vipi huko ilikotoka. Ya pili ni kubadilisha zile mbovu peke yake kwa bei ndogo zaidi. Mjomba alitaka ya pili. Fundi, ambaye angeweza kunyamaza akala hela, akamwambia ukweli: moduli nzuri ukiiweka katikati ya zilizochoka, baada ya miezi michache inayofuatia kwa uchovu itaanguka, halafu nyingine, na kila mara unalipa kufungua na kufunga. "Utakuwa unazika mmoja mmoja," alisema.

Gari lilikaa chini siku 16. Hesabu mbili zilipita, sh. 400,000, bila gurudumu kuzunguka. Anti, mke wa mjomba, alikuwa apokee mchezo mwezi ule, hela ambayo ilishapangiwa kuezeka chumba cha uani. Ikaenda kwenye betri. Ada yangu ikabaki nusu, na mnajua hapa chuoni nusu ya ada ni nini wiki mbili kabla ya mitihani. Mjomba alinipigia simu akasema, "Mjomba, vumilia, nakuja." Mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba, ndivyo kwetu. Alikuja kweli, siku moja kabla ya mwisho wa kulipa, na sikumuuliza alikopa wapi.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa sababu ndiyo asili ya ombi la kwanza la kijiwe, na ni ombi lililotolewa na kila mtu kwa maneno yake: betri iseme hali yake. Dashibodi ya Aqua inakuonyesha kimchoro cha betri chenye vipande vinavyopanda na kushuka. Kile kinakwambia kuna chaji kiasi gani sasa hivi, kama simu yako inavyosema asilimia. Hakikwambii betri yenyewe imezeeka kiasi gani. Ni sawa na mtu kukwambia ameshiba leo wakati wewe umemuuliza kama ana kisukari. Kompyuta ya gari inapima volti za betri kipande kwa kipande kila wakati, kwa hiyo ujuzi huo upo mle ndani. Kuna programu za simu ambazo ukinunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi zinakuonyesha. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuiweka taarifa hiyo mbele ya macho ya dereva: betri hii imebaki na asilimia fulani ya uwezo wake, kipande cha saba kinaanza kuchoka, jipange. Dereva mwenye taarifa ya miezi sita mapema anaweka akiba. Dereva anayeshtukizwa anakopa.

Na taarifa hiyo ingemsaidia hata mnunuzi. Leo ukienda yadi ya magari, namba E mpya inang'aa, mafuta ya viti yananukia, na kitu cha gharama kubwa kabisa kwenye gari hilo kimefichwa chini ya siti, hujui kina hali gani. Kilomita za dashibodi zenyewe tunazijua zinavyorudishwa nyuma. Umoja wa Ulaya wameliona hili. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inataka kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali. Ila Aqua zetu hazitoki Ulaya. Zinatoka minadani Japani, na pasipoti pekee tunayoiona ni ile karatasi ya mnada, nayo mara nyingi imeandikwa kwa herufi ambazo muuzaji anakutafsiria anavyotaka.

Ombi la pili ni dogo mpaka linaonekana la kipuuzi. Fundi alipofungua feni ya betri ya mjomba alitoa vumbi la kujaza mkono, nywele za kusukia, maganda ya karanga na kipande cha tiketi ya mwendokasi. Betri hiyo inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Feni inaivuta kupitia kitundu kilicho pembeni ya siti ya nyuma. Japani hewa ya ndani ya gari ni safi na ya baridi. Kwetu abiria anafungua kioo, vumbi la Salasala linaingia, halafu anaweka begi juu ya kile kitundu. Hapo ongeza jambo moja ambalo madereva wengi hawajaambiwa. Dereva anayezima kiyoyozi saa nane mchana ili aokoe mafuta anaipa betri hewa ileile ya moto anayovuta yeye, na joto ndilo linaloua betri za nikeli. Anaokoa mia kwa lita na kupoteza milioni kwa mwaka. Kijiwe kinataka chujio nene linalotolewa kwa mkono bila spana, na taa ya kukumbusha kulisafisha. Basi. Prius ya 2009 iliwahi kutolewa na paa la sola, la hiari, lenye kazi ya kuzungusha feni ya kutoa joto ndani gari likiwa limeegeshwa juani. Nilipowaambia hivyo kuna mmoja alinikatalia kabisa. Akasema kama kitu hicho kipo, mbona hakijaletwa huku kwenye jua?

Swali lake lina jibu, na jibu lenyewe ndilo lililonifanya nikae niandike. Sisi hatununui magari, tunarithi. Gari linabuniwa kwa ajili ya mtu wa Nagoya anayeliosha Jumapili, analitumia miaka saba au nane, analiuza mnadani, ndipo linapanda meli. Kenya wameweka kikomo, gari lisizidi miaka minane. Kwetu linaruhusiwa kuzidi ila unalilipia ushuru wa uchakavu. Kwa vyovyote vile, haibridi ya kizazi kijacho ya Mwenge tayari inaendeshwa huko leo. Aqua mpya ilitoka Japani mwaka 2021 ikiwa na betri ya nikeli ya muundo mwingine, ambayo Toyota wanasema inatoa nguvu takriban mara mbili ya ile ya zamani. Hiyo ndiyo mtakayokuwa mnaiita kwa simu mkishapata kazi. Maamuzi yake yalishafanywa. Tunachoongea kijiweni, kama kuna anayesikia, kitafika hapa labda 2040. Na zile dhamana nzuri tunazosoma, kwa mfano Marekani ambako Toyota wanaidhamini betri ya haibridi kwa miaka 10 au maili 150,000 kwa magari ya kuanzia toleo la 2020, hazipandi meli pamoja na gari.

Turudi kwenye maombi, maana lililochekesha kuliko yote ni la lugha. Kila siku ukiwasha Aqua ya mjomba kuna dada wa Kijapani anakusalimu na kukujulisha kwa adabu kwamba kadi haijawekwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kulipia za kwao. Miaka miwili anaiomba kadi ile, hajakata tamaa. Tunamcheka, lakini siku ya taa za onyo maandishi yaliyokuwa yakimwambia mjomba akague mfumo wa haibridi yalikuwa kwa lugha yake huyo dada, na mjomba akaendesha siku mbili zaidi. Simu ya bei ya chini kabisa Kariakoo unaichagulia lugha, Kiswahili kimo. Gari la mamilioni halina hata Kiingereza. Redio nayo, kwa kuwa bendi ya Japani inaanzia 76, inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za mjini huzipati mpaka ununue kifaa cha kuhamisha masafa. Hili ni la programu tu, si la chuma. Watu wa kompyuta hapa chuoni mnisahihishe, lakini sioni kwa nini lugha ya gari isiwe kitu cha kuchagua kama kwenye simu.

Urefu wa gari kutoka chini uliongelewa kwa uchungu. Aqua imeinuka kama sentimita 14. Tuta la mtaani lililojengwa na wananchi wenyewe halina kipimo, na ukiwa na abiria wanne lazima upande kwa pembe kama meli inayoingia bandarini. Wengine wanaweka vipande vya raba kwenye springi ili liinuke, fundi anasema vinaharibu shokomzoba, wao wanasema afadhali shokomzoba kuliko sampo. Halafu maji. Mvua za masika zikijaa Jangwani au mtaani kwenu, kumbuka betri iko chini ya siti. Madereva wa haibridi huwa ndio wa kwanza kugeuza gari, abiria wanawaona waoga. Wanachotaka ni betri iliyofungwa isiingize maji, na alama ubavuni mwa gari inayoonyesha kina mwisho kiwe wapi. Hiyo ya alama sijaisikia popote, nadhani ni ubunifu wa kijiwe chetu, na naona ni wa maana kuliko mengi ninayoyaona kwenye matangazo.

Kuhusu soketi, hapa tuligawanyika. Aqua mpya inakuja na soketi ya wati 1,500 ambayo unachomekea vyombo vya nyumbani. Kwa nchi ya matetemeko ni kitu cha kuokoa maisha. Umeme ukikatika mtaani kwako ungechemsha chai ukaendelea kusoma. Lakini ni volti 100, za Japani, na vyombo vyetu ni vya 230. Kijana mmoja alisema yeye angefanya biashara ya kuchaji simu na kunyoa nywele siku za mgao. Mzee mmoja akamjibu kwamba akiona mtu ananyolewa na betri ya gari lake atampeleka polisi.

Na za kuchomeka ukutani? Prius ya kizazi cha tano ina toleo lenye betri ya kilowati-saa 13.6 unayoichaji nyumbani, na inakwenda safari nyingi za mjini bila kugusa petroli. Kwenye karatasi ni ndoto. Lakini wengi wetu tumepanga. Gari linalala kwenye maegesho ya kulipia, mlinzi ana taa moja, na luku ni ya kuchangia watu sita. Utamwambiaje mpangaji mwenzio kwamba usiku umechaji gari? Walioafiki wote walikuwa na nyumba zao, walikuwa wawili. Wengine waliona bora gesi. Bajaji na IST zenye mitungi mmeziona, pale DIT wanafunga, na bei yake inashinda petroli kwa mbali. Ila mtungi unakula buti, na abiria wa uwanja wa ndege ana masanduku. Ombi lao lilikuwa haibridi inayotumia gesi kutoka kiwandani, mtungi ukiwa umepangiwa nafasi yake chini. Mimi sina hakika kama uzito wa betri na mtungi kwenye gari dogo namna ile unakubalika. Wenzetu wa uhandisi mna miradi ya mwaka wa nne inayotafuta mada, hiyo hapo.

Hali ya sasa: betri ya mjomba ya mkononi inafanya kazi, imebaki miezi mitano mkataba uishe. Nilimnunulia kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kwa hela ya boom, na kila Jumapili tunaisoma betri kwenye simu yangu, kipande kwa kipande, yeye akiandika namba kwenye daftari la hesabu. Kuna kipande kimoja anachokitazama sana. Ameshaanza kuweka elfu tano kwa siku pembeni, hajamwambia anti.

Mzee aliyekataa habari ya kunyoa alikuwa wa mwisho kuulizwa siku ile. Nikamwambia shikamoo tena, maana nilihisi tumemsahau, nikamuuliza yeye gari lijalo angetaka liwe na nini. Aqua yake ilitoka Japani na kichupa cha gundi na pampu ndogo badala ya tairi la akiba, na wiki hiyo alikuwa amepata pancha Kibamba usiku, tairi limechanika ubavuni ambako gundi haifai kitu.

"Tairi la spea," alisema, akawasha gari, akaondoka kimyakimya.